Hatua Kumi na Saba Kutoka Mlango wa Kijani

Marahaba, wanangu. Mlikuja Jumatatu wawili, mmevaa viatu vya kazi vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvaa mimi, mkanionyesha ramani kwenye simu na kuniuliza geti valvu, ile ya kufungia maji, ya Majengo ya Zamani iko wapi. Nikawaambia mrudi wiki ijayo. Nadhani mlipofika getini mlisema mzee ameshasahau. Sijasahau. Naweza kwenda pale nimefumba macho nikasimama juu yake. Niliwarudisha kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilitakiwa kuzungumza naye kwanza, na sasa nimeshazungumza naye. Kwa hiyo nawaandikia yote, msome wenyewe na wenzenu wa ofisi ya maji. Pale Majengo alikufa mtu kwa maji niliyoyafungulia mimi, na huwezi kujua valvu ile iko wapi bila kujua alikufaje.

Mimi Paskali ni mtu wa Tumati, kule Mbulu. Nilishuka Katesh miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, kijana asiyejua hata soketi ya bomba ni kitu gani, nikapata kibarua cha kuchimba mitaro ya bomba. Niliacha kazi magoti yalipokataa kuinuka kutoka shimoni.

Majengo mnayoiona leo siyo ile. Leo mna nyumba za wageni za ghorofa na vibanda vya simu mpaka ukingo wa lami. Wakati ule ilikuwa mistari mitatu ya nyumba za matofali ya udongo, ikitelemka kutoka upande wa mlima Hanang hadi barabara ya Babati na Singida, na barabara yenyewe vumbi tupu. Mapaa mengi yalikuwa ya mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Upepo wa mlimani ukishuka, mtaa mzima ulikuwa unagonga, na mgeni aliyelala pale mara ya kwanza hakupata usingizi. Juu palikuwa na mashine ya kusaga. Katikati, msikiti mdogo uliopakwa chokaa. Mbele ya msikiti kulikuwa na jiwe kubwa jeusi, tuliloliita Jiwe la Punda kwa sababu wachuuzi wa magadi walifunga punda wao pale. Chini kabisa, nyumba ya wageni ya paa jekundu, ambako madereva wa ngano walilala, wakanywa na kugombana. Na kwenye kona ya mstari wa pili lilikuwepo duka la Mzee Jumanne, Mrangi wa Kondoa, lenye mlango wa mbao wa rangi ya kijani. Mtu akikuelekeza popote Majengo, alianzia kwenye mlango wa kijani.

Walikuwepo Warangi, Wanyaturu, Wanyiramba, sisi Wairaqw wa Mbulu, na siku za mnada walikuja Wabarabaig, kila mwaka wakiwa na ng'ombe wachache kuliko mwaka uliopita, kwa sababu malisho yao yalikuwa yanageuzwa ngano. Walisimama kando ya barabara wakiangalia malori yanavyopita. Sisi wa mjini tulicheka kwa jambo lingine. Ngano ilipita mlangoni kwetu kutwa nzima, tani kwa tani, na ukitaka mkate unasubiri basi la Arusha, unaupata umeshakauka. Mke wangu alikuwa akiusugua kwa maji kidogo ndipo uliwe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ntandu, Mnyaturu, fundi mkuu wa bomba. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya, kwa hiyo alichechemea. Alikuwa mkali, hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Ofisi iliwahi kuwa na ramani ya bomba za mji, lakini mchwa walishaimaliza, wakabakiza ukingo tu wenye mhuri. Ramani ilikuwa kichwani mwa Mzee Ntandu, na aliihesabu kwa hatua. Valvu ya mashine: hatua tisa kutoka kona ya mashine, uso ukitazama msikiti. Washauti, yaani tundu la kumwagia maji yote ya bomba pale bondeni: hatua thelathini kutoka paa jekundu. Na ile kubwa, inayofunga Majengo yote: hatua kumi na saba kutoka kizingiti cha mlango wa kijani, uso ukitazama mlima.

Sasa, hatua za nani? Mimi ni mrefu, yeye mfupi na mguu mmoja unaburuta. Siku ya kwanza nilihesabu tisa kutoka kona ya mashine nikachimba nikatokea kwenye choo cha watu. Mwenye choo alinifukuza na mwiko wa ugali. Mzee Ntandu alikaa chini akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia, "Hatua zangu, Paskali, siyo zako. Jifunze kutembea." Ikabidi nijifunze. Nilitembea Majengo nikichechemea nyuma yake, na akina mama wa bombani wakasema huyu Mmbulu hana adabu, anamwigiza mzee wa watu. Walinishtaki mpaka kwa katekista wangu. Lakini nilipata kipimo: hatua mbili za Mzee Ntandu ni moja na robo ya kwangu. Hiyo haimo kwenye simu zenu.

Mengine aliyonifundisha chukueni, bado yanafaa hata kwa bomba hizi za plastiki, ingawa plastiki haina sauti nzuri. Bomba la chuma linalovuja huwezi kuliona, lakini utalisikia. Chukua kipande cha nondo, ncha moja iguse bomba, nyingine ibane kwenye mfupa nyuma ya sikio, ufunge mdomo usipumue. Bomba zima linavuma sawasawa. Lililotoboka linakwaruza. Ukitaka kujua kama bomba ni tupu, fungua koki uweke kiganja mdomoni pake. Likivuta ngozi, ujue linafyonza, na kila kilicho mdomoni mwa koki zote za mtaa ule kinaingia ndani. Koki ikiwa wazi na mpira wake wa maji umezama kwenye ndoo ya matope, bomba litakunywa matope. Hili aliniambia mara moja tu, kama kawaida yake.

Na alinipa filimbi. Ya bati, ya refa. Kabla hujafunga maji, alisema, unatembea mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, unapiga filimbi mara tatu kila kona, watu wafunge koki zao na watoe mipira yao. Kabla hujafungua, unarudia tena. Ni kazi ya nusu saa. Nilikuwa naona aibu kupita mtaani napiga filimbi, watoto wote nyuma yangu. Yeye hakuona aibu.

Alipougua akarudishwa kwao Singida, nilikwenda kumwona siku moja kabla hajaondoka. Nilikaa chini na daftari nikaandika hatua zake zote, valvu moja moja. Niliandika vizuri, kwa kalamu ya wino. Sikwenda kuzichimba kuzihakiki. Hilo ndilo kosa la kwanza, na linaonekana dogo. Valvu uliyoiandika na hujawahi kuishika huna. Na geti valvu isiyozungushwa angalau mara mbili kwa mwaka inashika kutu, siku unayoihitaji itakukatikia mkononi.

Basi sasa niwaambie kuhusu Mama Halima, mke wa Mzee Jumanne. Alikuwa mnene, mwenye pumu, sauti yake ilifika barabarani. Halima binti yake alikuwa na miaka kama kumi na miwili wakati huo. Koki yao ilikuwa uani, moja ya koki chache za nyumbani Majengo nzima, na hakumkataza jirani kuchota. Fundi wa bomba akipita pale hakuondoka bila kunywa kitu: chai, uji, au togwa. Nanyi mnajua desturi yetu huku bara, anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe, mgeni aone kwamba moyo ni mweupe. Siku hizi mnafungua soda ya chupa mnaona yametosha. Mama Halima aliishika desturi ile kwa mzaha. Anamimina, anaonja, anafuta ukingo kwa kidole, anasema, "Haya Paskali, nimetangulia mimi. Ukifa, umekufa kwa uchoyo wako." Tunacheka. Nilikunywa mkononi mwake miaka sita bila kukataa hata mara moja.

Mwaka wa sita, masika yalikuja na viwavijeshi. Mashambani walikuwa wanapuliza dawa kutwa, na shamba moja, ambalo sina haja ya kulitaja, lilipungukiwa maji kwenye kisima chake. Likawa linaleta lori lenye tangi la dawa kujaza maji kwenye bomba la umma, pale kona ya Majengo. Nilimwona dereva akifanya hivyo nikanyamaza. Tena alifanya kinyume: dawa alishaimimina tangini kwanza, nzito, nyeupe, ndipo anaongeza maji juu yake, na mpira ameuzamisha mpaka chini ili usiruke. Nililiona hilo. Nilisema moyoni nitamwambia.

Asubuhi hiyo, siku ya mnada, niliitwa kwamba bomba limepasuka juu, karibu na tangi la mji. Mimi nilikuwa bado kibarua, miaka sita kibarua, na barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa imesemwa itatoka mwezi huo. Mkuu wetu alitaka maji yarudi kabla mnada haujachangamka. Nikapanda mlima. Nikafunga valvu ya tangini, nikamtuma mwenzangu afungue washauti kule bondeni ili bomba litoe maji tuweze kulikata. Filimbi ilikuwa shingoni kwangu. Sikupita mtaani.

Mmeshaelewa kilichotokea. Bomba lilipokuwa linajimwaga kule bondeni, lilivuta kila koki iliyo wazi, na ile ya kona ilikuwa wazi, mpira wake uko chini ya tangi la dawa. Likanywa. Sisi juu tukakata, tukaweka kipande kipya, tukaziba maungio kwa katani na rangi, tukajisifu. Washauti ikafungwa, nikafungua maji, nikashuka zangu polepole. Kushuka ni dakika arobaini.

Nilipofika kona nilimkuta dereva amepanda juu ya tangi anachungulia. "Fundi," akasema, "maji yenu leo yana mambo. Tangi lilikuwa nusu, nikaenda kunywa supu, nimerudi limebaki robo. Nani amelimwaga?" Mama mmoja alikuwa anamwaga ndoo yake chini, anasema maji yananuka josho. Sote tulijua harufu ya josho la ng'ombe. Nikaweka mkono chini ya koki nikanusa. Ilikuwa dawa ile ile ya tangini.

Pale pale nilitakiwa kupiga filimbi ile mpaka ipasuke. Nilitakiwa kupita mistari yote mitatu nikipiga kelele watu wasinywe, wamwage, wasipike. Wanangu, sitaki mtafute sababu ya kunitetea. Niliwaza barua. Niliwaza watauliza nani alifunga bila kutangaza. Nikajiambia nitaifunga valvu ya Majengo kimyakimya, nitafungua washauti, nitaosha bomba, jioni maji safi, nani atajua. Waliokuwa pale kona wameshanusa, hawatakunywa. Nikamwambia dereva aondoe lori, naye akaliondoa haraka kuliko nilivyotarajia. Nikachukua jembe.

Nikasimama kwenye kizingiti cha mlango wa kijani, uso kwa mlima, nikahesabu kumi na saba kwa kuchechemea. Nikachimba. Udongo ulikuwa umelowa, unachimbika, nikafika futi tatu, nne. Hakuna valvu. Nikadhani nimekosea kipimo, nikarudi mlangoni nikahesabu tena, nikaanza shimo la pili. Filimbi ilikuwa inanigonga kifuani kila nikiinama. Watu walipita wakaniuliza unatafuta nini, nikawajibu hakuna kitu, kazi tu. Mmoja alikuwa mzee wa Majengo aliyezaliwa pale pale. Nikamjibu hivyo hivyo.

Ndipo Mama Halima akatoka na chupa ya chai na kikombe kimoja cha bati. Alikuwa na mafua, kitambaa amekishikilia puani.

"Paskali, unatuzikia nini mlangoni?"

"Shikamoo mama. Kuna kitu nakitafuta."

"Marahaba. Kitafute ukiwa na chai tumboni. Leo nimetia tangawizi nyingi, kifua changu hakinipi raha."

Nikamwuliza, "Maji ya chai hii umekinga saa ngapi, mama?"

"Sasa hivi. Si yalikuwa yamekatika? Yaliporudi tu, ndoo yangu ilikuwa ya kwanza kukaa chini ya koki. Kwa nini, unataka kunikatia bomba?"

Akamimina. Ilikuwa chai ya maziwa, kwa hiyo weupe wake haukunionyesha kitu. Alikuwa hasikii harufu kwa sababu ya mafua. Ilikuwa ya moto, akaipuliza. Alipuliza mara tatu, nakumbuka vizuri, na katikati alimgeukia kuku aliyekuwa anaparua udongo wangu akamfukuza. Muda ulikuwepo. Neno lilikuwa moja tu, mwaga. Nililishika mdomoni, na nikaona barua, na nikaona mkuu wetu, na nikajiambia imechemka, moto umeshaua kila kitu. Nilikuwa fundi wa maji miaka sita, nilijua moto unaua vidudu na hauui dawa. Nilijiambia hivyo hivyo.

Akaonja. Akakunja uso. "Tangawizi imezidi kweli," akasema. Akafuta ukingo kwa kidole, akaninyooshea. "Haya, nimetangulia mimi."

"Sijisikii chai leo, mama."

Akanitazama. "Tangu lini Mmbulu akakataa chai ya maziwa?" Akacheka, akasema basi haimwagwi kwa sababu ya maringo ya mtu, akainywa mwenyewe yote pale pale, amesimama, akamimina ya pili akaingia nayo ndani. Mimi nikainama nikaendelea kuchimba.

Sijui ni dakika ngapi zilipita. Mzee Jumanne alikuja akitokea msikitini, baada ya sala ya adhuhuri, akasimama juu ya shimo la tatu. "Kijana, unatafuta nini kwangu?" Safari hii nilikuwa nimechoka, nikasema: valvu, mzee, hatua kumi na saba kutoka mlango wa kijani, alivyosema Mzee Ntandu.

"Mlango upi?"

"Huu hapa."

"Huu tuliuhamisha. Ulikuwa ukuta wa nyuma, unatazama msikiti. Malori ya ngano yalipoanza kupita tukang'oa mlango na fremu yake tukauleta huku barabarani, kule tukaziba kwa matofali. Mbona hukuuliza? Majengo nzima inajua."

Nikazunguka nyuma ya duka. Pale ukutani palikuwa na matofali ya rangi tofauti, umbo la mlango kabisa. Nimepita pale mara ngapi sijui. Nikahesabu kumi na saba kutoka hapo, nikachimba futi mbili, jembe likagonga chuma. Nikaweka ufunguo nikazungusha kwa nguvu zangu zote, ikalia, ikakubali. Maji ya Majengo yakakatika. Na nilipokuwa bado nimepiga magoti nikasikia Halima anaita baba yake kwa sauti ambayo si ya kuita tu.

Walidhani ni pumu. Alikuwa anatoa jasho, mate yanamtoka hawezi kuyameza, kifua kinakoroma, mikono inacheza yenyewe. Mzee Jumanne alikuwa anampepea kwa kanga. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema, "Mzee, yale maji yana dawa ya mashambani. Nimegundua sasa hivi."

Sasa hivi. Ndivyo nilivyosema.

Tulimbeba kwenye mlango wa ndani uliong'olewa bawaba, tukampeleka zahanati. Mganga alipoambiwa ni dawa alishika kichwa. Alisema tungemleta saa moja kabla angemtafutia gari la hospitali kubwa. Alifia pale kwenye benchi, kabla ya alasiri. Watoto wawili wa jirani walitapika usiku kucha wakapona. Kuku walikufa kuanzia koki ya kona mpaka Jiwe la Punda.

Palifanyika kikao, na watu wa shamba walikuja, na lawama zote alibebeshwa dereva, kwa sababu mpira ulikuwa wake. Alifukuzwa, sikumwona tena. Niliulizwa kama nilitangaza kabla ya kufunga. Nikasema nilipiga filimbi. Hakuna aliyebisha, siku ya mnada kuna kelele nyingi. Kuhusu chai hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyejua, nilidhani, alikuwa ameshazikwa. Na barua yangu ilikuja, wanangu. Ilinithibitisha kazini, na ilikuwa na mstari mmoja wa kunipongeza kwa kufunga valvu haraka. Ninayo mpaka leo. Sijawahi kumsomea mtu.

Baada ya hapo sikufunga bomba hata moja bila filimbi, na kila valvu niliichimba na kuizungusha kwa mkono wangu. Watu wakasema Paskali ni fundi makini. Nilihamishiwa Dongobesh, nikarudi, nikahudumia bomba la Mogitu, nikazeeka. Mzee Jumanne naye alizeeka. Mara moja, tumekaa dukani kwake wawili tu, aliniambia bila kunitazama, "Siku ile ulikataa chai yake. Halima alikuwa dirishani, aliona. Hukuwahi kuikataa." Alisubiri muda mrefu, anapanga vibiriti vilivyokuwa vimeshapangika.

"Nilikuwa na haraka, mzee," nikasema.

"Sawa," akasema. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nendeni Majengo kesho. Duka liko pale pale, sasa lina vigae na mlango wa chuma, ule wa kijani ulishaliwa na mchwa. Msihesabu kutoka mlango wowote mnaouona. Bisheni hodi kwa Halima, msalimieni vizuri, ni bibi sasa, mumuulize mlango wa zamani wa baba yake ulikuwa wapi. Atawaonyesha kwa kidole. Hatua kumi na saba, na kwa miguu yenu hiyo mirefu ni kumi na moja hivi. Na mkikosea kitu huko shimoni, chochote, mseme hapo hapo, kwa sauti, hata kama kazi itaondoka.

Juzi nilikwenda kwa Halima mwenyewe. Ndiye yule mtu niliyetakiwa kuzungumza naye kabla yenu. Nilimkuta amekaa kibarazani, nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia yote, pamoja na mara tatu mama yake alizopuliza chai. Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja: "Alipokuwa anakunywa, wewe ulikuwa unamwangalia?"

Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kuwaita wanawe wanitoe. Akarudi na kikombe cha maji, akakiweka kwenye ngazi karibu na mkono wangu. Katika nyumba ile nimekunywa mkononi mwa mama yake, na mkononi mwake yeye mwenyewe alipokua, na hakuna siku kikombe kilifika kwangu kabla hakijaonjwa. Alikiweka akarudi kukaa, akakunja mikono, akaniangalia. Hakuonja.

Nikakichukua, nikanywa yote.